Marangu Siku ya Mvua

Ukisimama Njia Panda ya Himo siku moja ya Aprili, ni vigumu kuamini kwamba kilomita kumi na kitu juu yako kuna mji unaopokea wageni wa mlimani kutoka pembe zote za dunia. Hapa chini jua laweza kuwa linawaka. Magunia ya mahindi yanapakiwa kwenye malori ya kwenda Holili na Taveta, na wapiga debe wanaita abiria wa Dar, wa Moshi na wa Rombo. Ukishika lami inayopanda Marangu, hewa inageuka upesi: migomba inasogelea barabara, ukungu unashuka, na ukifika Marangu Mtoni unakutana na ile mvua nyembamba isiyo na haraka, iwezayo kunyesha tangu alfajiri mpaka usiku bila radi hata moja. Mlima Kilimanjaro hauonekani. Nyumba za wageni zina vyumba vitupu, na wapagazi, wanaoitana wenyewe wagumu, wako vihambani, kwenye mashamba yao ya migomba, wanapalilia. Mgeni aliyefika siku kama hiyo husikitika kama anavyosikitika mtalii aliyelipia wiki nzima katika mji wa theluji wa milima ya Alps, akafungua dirisha asubuhi na kukuta mvua inaiyeyusha theluji aliyoifuata. Wote wawili watasema siku imeharibika. Kwa mji wa Alps kauli hiyo ni kweli. Kwa Marangu si kweli, na kosa hilo la mgeni wa siku moja ndilo kosa la sehemu kubwa ya historia iliyoandikwa kuhusu mlima huu. Historia hiyo iliandikwa na watu waliokuja wakati wa ukavu. Ilihesabu vilele na tarehe za kuvifikia, ikaitaja mvua kama kizuizi cha njiani tu. Nashikilia kwamba mvua ndiyo iliyoujenga mji, ikawalisha waliopanda, na ikaiweka kileleni hata hiyo theluji yenyewe.

Tuanze na majira, maana mengine yote yanatoka hapo. Miji ya theluji ya Ulaya ilizaliwa kwa sababu majira ya theluji na majira ya wageni yaliweza kufanywa kitu kimoja. Huko St. Moritz, Uswisi, wenyeji husimulia kwamba mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwashawishi wageni wake Waingereza mwaka 1864 warudi wakati wa baridi, na toka hapo baridi ikawa biashara. Chamonix, Ufaransa, ilikuwa na chama chake cha waongozaji tangu 1821, na mwaka 1924 ikaandaa michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi. Theluji ikawa zao kama kahawa: ikianguka vizuri mji unakula, isipoanguka mji unakopa. Kilimanjaro haina majira ya namna hiyo. Iko nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na huko juu kila usiku ni wa kuganda na kila mchana una jua kali, Januari kama Julai. Kinachobadilika katika mwaka ni unyevu. Theluji mpya ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, huanguka hasa pale mvua inapoanguka Marangu, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba. Wingu ni lilelile. Chini linamwaga maji, juu linamwaga unga mweupe. Kwa hiyo theluji mpya na wageni hupishana. Wageni hujazana Januari na Februari, kisha tena kuanzia Juni hadi Oktoba, yaani wakati wingu limejiondoa na theluji imekoma kuanguka. Anayekuja Marangu kwa ajili ya weupe wa Kibo anakuja kutazama akiba iliyowekwa wakati yeye hayupo.

Ushahidi wa kwanza ulioandikwa kuhusu theluji hiyo ni ushahidi wa masika. Johannes Rebmann, mmishonari aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alianza safari ya kwenda Uchagani mwishoni mwa Aprili 1848, na tarehe 11 Mei akauona mlima kutoka nyika ya Taveta. Inasimuliwa kwamba silaha yake safarini ilikuwa mwavuli. Aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, mtu wa misafara ya pwani aliyeijua njia hiyo, na Rebmann alipouliza ule weupe wa kileleni ni nini, jibu alilopewa lilikuwa neno la Kiswahili ambalo yeye aliliandika kwa namna yake: baridi. Mwenyeji wake alikuwa Mangi (mtawala wa Kichagga) Masaki wa Kilema, nchi iliyo kwenye miteremko ya juu ya Himo ya leo. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika ndani ya bara hili, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kudumu karibu na ikweta. Mabishano yalichukua miaka. Baron Karl Klaus von der Decken alikuja mwaka 1861 na mwanajiolojia Richard Thornton, akarudi tena 1862 na Otto Kersten. Safari hiyo ya pili ilifika zaidi ya mita 4,000 wakati wa vuli, na theluji ikawaangukia wao wenyewe. Ningependa msomaji azingatie jambo hili: waliothibitisha theluji ya Kibo walikuwa wasafiri waliolowa. Mtu wa kiangazi angeweza kuuona mlima vizuri zaidi, ila yule wa masika ndiye aliyeuona ukiwa kazini.

Wachagga hawakuhitaji mwavuli wa Rebmann kujua hayo. Hadithi yao mashuhuri inasema Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, alikuwa akienda kwa nduguye Kibo kuomba moto kila mara, akisingizia kwamba wake umezimika, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, na ndiyo sababu Mawenzi ana vilele vilivyochongoka na kubomoka. Wasimulizi wa leo hutaja hadithi hiyo kama kichekesho cha watoto. Kwangu mimi ni hadithi ya watu wanaoishi mahali pa baridi na unyevunyevu, ambako moto kuzimika ni jambo zito na jirani asiyetunza moto wake ni mzigo. Hadithi ya namna hiyo isingetungwa Himo, ambako kuni hukauka zenyewe. Ilitungwa juu, kwenye nyumba za nyasi zilizogusa ardhi, zenye ng'ombe ndani na moshi usiotoka.

Jina lenyewe la Marangu wenyeji hulifafanua kuwa mahali penye maji mengi, penye chemchemi na vijito. Anayetaka kuona maana hiyo kwa macho atafute mfongo, yaani mfereji wa maji wa Kichagga. Huanzia juu kwenye korongo la msituni, mahali ambapo mto unaweza kukingwa kwa mawe, vigogo vya migomba, nyasi na udongo. Kutoka hapo unachimbwa ukifuata ubavu wa mlima kwa mwinamo mdogo mno, kiasi kwamba mtu akiutazama kutoka ng'ambo ya korongo anaweza kuapa kwamba maji yanapanda. Wachimbaji wa zamani hawakuwa na pimamaji. Walitazama maji yenyewe: waliyaruhusu yaje hatua chache, wakaona yanavyokwenda, wakachimba tena. Kila mfongo una wenyewe na una zamu. Aliye na zamu leo huchomoa kizibo cha majani na udongo kwa jembe, maji yanaingia kihambani mwake kupitia vijifereji visivyozidi upana wa kiganja, yanazunguka mashina ya migomba, na saa yake ikiisha anaziba ili jirani wa chini apate. Mwenye kuiba zamu alitozwa faini, mara nyingi ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na wanaogombana walipatanishwa kwa jani la isale, mmea uleule unaopandwa mipakani. Mfongo ukibomolewa na mafuriko, wote wanaounywea hutoka kwa siku moja kuuzibua. Harry Johnston, aliyekaa mlimani mwaka 1884, aliistaajabia mifereji hiyo, na wageni wengi waliomfuata waliitaja kwa mshangao uleule, kisha wakaendelea na habari za kilele.

Hapo kuna swali la haki: kama mvua ni nyingi hivyo, mfereji ni wa nini? Jibu linaonyesha jinsi mvua ilivyofanywa kuwa utaratibu wa maisha. Mvua ya mlima ni nyingi ila huja kwa makundi mawili, na kadiri unavyoshuka kuelekea Himo ndivyo inavyopungua, mpaka unakuta vichaka vya miiba. Msitu wa juu huifyonza na kuitoa polepole mwaka mzima. Mfongo ni mkono ulionyooshwa kuichukua mvua ya Aprili na kuitumia Septemba. Ulezi wa mbege, ambao hauvumilii unyevu mwingi wa juu, ulilimwa maeneo ya chini wakati wa ukavu kwa maji ya mfongo, wakati migomba ya juu ilijitegemea. Bila mpango huo kusingekuwa na msongamano wa watu mlimani, kusingekuwa na mamangi wenye nguvu ya kupokea misafara, na msafara wowote wa kupanda Kibo ungekufa njaa kabla ya kuufikia msitu.

Tuuchukue msafara mkubwa kuliko yote katika vitabu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer alikuwa amejaribu mwaka 1887 akakwamishwa na ukuta wa barafu, na jaribio lililofuata lilikatishwa na vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani huko pwani. Safari hii alipanga tofauti. Aliweka kituo Marangu kwa Mangi Marealle, kisha kambi za juu, na watu wakawa wanapanda na kushuka kila baada ya siku chache kupeleka chakula kibichi. Kwa mpango huo aliweza kujaribu mara kadhaa bila kushuka. Vitabu vya upandaji milima husifu kamba, shoka la barafu na ujasiri wa Purtscheller, na vinastahili kusifu. Lakini kilichobadilika kati ya 1887 na 1889, zaidi ya vifaa, ni kwamba kilele kiliunganishwa na kihamba. Oktoba ilitoa anga safi. Masika yaliyotangulia yalikuwa yametoa chakula. Marangu inamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki 1996 akiwa mzee mno, kama mwongozaji wa msafara ule, na kwenye lango la hifadhi kuna vibao vya kumbukumbu. Kambini juu, Meyer alimwacha mtu mmoja akae na hema na moto wakati wao wawili wanapanda: Mwini Amani, kutoka Pangani. Nitarudi kwake.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na matokeo yake juu ya mlima yalionekana papo hapo. Mwaka 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi, na mwaka huohuo Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, wakazivaa na kuteremka nazo. Nyumba za kulala wapandaji zilijengwa katika miaka hiyo kwenye njia ya Marangu, zikapewa majina ya Bismarck na Peters. Leo ni Mandara na Horombo. Kwa muda mfupi, basi, vitu vyote vinavyotengeneza mji wa theluji vilikuwa vimekusanyika: reli, vibanda, hoteli za kwanza na watu wawili wenye skii. Mtu anaweza kuuliza kwa nini Marangu haikuwa St. Moritz ya Afrika, na wapo wanaojibu kwa kutaja vita. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuja kweli. Machi 11 na 12, 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipigana na Wajerumani kwenye vilima vya Latema na Reata kati ya Taveta na Himo, siku chache baadaye yakaingia Moshi, na tarehe 21 yakaichukua Kahe. Hapo yakasimama. Kilichoyasimamisha kwa wiki nyingi hakikuwa bunduki, ilikuwa masika: barabara za nchi ya chini ziligeuka matope, wanyama wa kukokota wakafa, askari wakaugua, na msukumo mkuu wa kushuka bonde la Pangani ukangoja mpaka Mei.

Hata hivyo vita si jibu. Ulaya nayo ilipigana, na ndani ya Alps yenyewe, miji yake ya theluji ikanawiri baadaye. Jibu liko kwenye wingu. Theluji ya kutelezea inataka kuanguka, kulala na kukaa, tena mahali ambapo mtu anaweza kufika bila kupanda siku nne. Theluji ya Kibo ikilala kwenye majivu na mawe ya mlima, jua la ikweta huifuta baada ya siku chache, na sehemu yake kubwa haiyeyuki hata kuwa maji. Inageuka mvuke moja kwa moja kwenye hewa ile kavu. Barafu ya kudumu nayo imesimama kama kuta, na ukuta hautelezeki. Zile siku chache ambazo Kibo imevaa joho jipya ndizo siku ambazo njia ya msituni ni mto wa tope na ukungu unaficha mguu wa mtu. Furtwängler na König walifanya jambo la ajabu, likabaki la ajabu. Mlima haukuwa na namna ya kulifanya kuwa desturi.

Kilichokuja badala yake kilikuwa zao lingine la mvua. Mapadre wa Kilema walipanda kahawa katika miaka ya 1890, na Wachagga wakaipokea kwa sababu ilikubali kukaa chini ya migomba bila kuifukuza. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha wapanda kahawa, ambacho mwaka 1933 kilifuatiwa na KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vikongwe barani. Shule, zahanati na nyumba za bati zilizoufanya mji wa Marangu uonekane mji zilijengwa kwa fedha hiyo zaidi ya fedha ya wapandaji, ambao kwa miongo mingi walikuwa wachache. Kahawa husubiri mvua ili ichanue. Baada ya kiangazi, mvua nzuri ya kwanza huamsha maua meupe yenye harufu kama ya asumini, na kwa siku chache kihamba kizima kinakuwa cheupe. Hiyo ndiyo theluji ambayo familia za Marangu ziliitazama kwa tumaini la ada ya shule. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa kiasi cha kuuza ulivunjika, bei ikaporomoka, na katika miaka iliyofuata vijana wengi wakauacha mbuni wakaenda langoni kutafuta mzigo wa kubeba. Upagazi kama ajira ya maelfu ni matokeo ya kuanguka kwa zao la mvua, na hata leo wagumu wengi hufuata kalenda mbili: kiangazi mzigo wa kilo 20 kichwani, masika jembe.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hoja hii ni la kweli na halipaswi kukwepwa. Linasema: sifa ya Kilimanjaro duniani ni weupe wake, mwandishi Hemingway aliipa hadithi yake ya 1936 jina la theluji ya mlima huu, si la mvua, na siku barafu ikiisha wageni nao wataisha, basi theluji ndiyo msingi, mvua ni nyongeza. Tuitazame hiyo barafu. Ramani iliyotokana na kazi ya Oehler na Klute mwaka 1912 inaonyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007, kwa vipimo vya timu ya mtafiti wa barafu Lonnie Thompson, asilimia 85 hivi ilikuwa imetoweka. Katika muda huohuo wapandaji waliongezeka kutoka makumi kwa mwaka hadi makumi ya maelfu. Kama weupe ndio uliokuwa ukiwaleta, hesabu ingekwenda kinyume chake. Wengi huja kwa sababu huu ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika na mtu mwenye afya anaweza kuutembea kwa miguu bila kamba, na kupungua kwa barafu kumeirahisisha njia hiyo. Pia tuulize ni nini kilichoila barafu. Joto la dunia lina sehemu yake, hasa katika miongo ya karibuni, lakini watafiti waliopima Kibo kwa miaka mingi wanaonyesha kwamba kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati Afrika Mashariki ilipoingia katika ukavu ulioshusha hata kina cha maziwa yake takriban mwaka 1880. Barafu ilinyimwa theluji mpya ya kuifunika. Theluji mpya ni nyeupe na hurudisha jua lilikotoka. Barafu ya zamani iliyo uchi ina vumbi na hulinywa. Kwa maneno mengine, Kibo ilianza kukonda pale masika yalipoanza kuiruka. Rebmann aliona mlima mnene kwa sababu alifika kabla ya ukavu huo, tena mwezi Mei. Anayeilia barafu anailia mvua, ajue asijue.

Wako pia watakaosema kwamba naipamba mvua kutoka mahali pakavu. Mvua ya mlimani huua. Huporomosha kingo za makorongo juu ya nyumba, hufuta mifongo iliyochukua vizazi kuichonga, hukata barabara, na kwa mgumu asiye na kihamba, Aprili na Mei ni miezi ya deni dukani. Hayo yote ni kweli, na wala hayaondoi hoja, yanaikaza. Mji ambao maisha yake yote yamekunjwa ndani ya mvua lazima uumizwe na mvua hiyohiyo, kama wavuvi wanavyoumizwa na bahari. Ninachokikataa ni kuiweka mvua kwenye orodha ya ajali peke yake. Mgumu asiye na kihamba ni mtu wa juzi, zao la mgawanyo wa ardhi kati ya ndugu wengi mno na la kahawa iliyokosa bei. Babu yake hakuwa na sababu ya kuichukia Aprili.

Udhaifu wa historia ya vilele unaonekana zaidi tunapotafuta maji yanatoka wapi. Kwa miaka mingi imesemwa, hata madarasani, kwamba mito ya Kilimanjaro inatiririka kutoka kwenye barafu, na kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Utafiti wa mwanabotania Andreas Hemp, aliyefanya kazi mlimani kwa miongo kadhaa, unaweka zaidi ya tisa ya kumi ya maji yanayotoka mlimani kwenye ukanda wa msitu, ambako mvua ya mwaka inaweza kufika milimita 3,000 kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kitu. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Juu ya msitu huo, miti ya erika yenye ndevu za ukungu hukamua unyevu wa wingu hata siku ambazo hakuna mvua ya kupimika, na matone huteremka shina kwa shina. Miti hiyo ikiungua, kama ilivyoungua kwa siku kadhaa Oktoba 2020, mlima unapoteza maji mengi kuliko unayoweza kuyapoteza kwa barafu yote iliyobaki. Serikali ya kikoloni ilipotenga mwaka 1941 ukanda wa nusu maili chini ya msitu kwa matumizi ya Wachagga, na ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1973 ikianzia juu ya mstari wa miti, mpaka ulifuata macho ya mpandaji: cha thamani kiko juu. Msitu uliingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2005 tu, miaka 157 tangu Rebmann.

Siku ya mvua Marangu, basi, ina kitu cha kuona. Mgeni asiyeona kilele anaweza kufuata maji. Yanatoka msituni yakiwa meusi kwa majani, yanaingia mfongo, yanazunguka migomba, yanarudi mtoni yakiwa mekundu kwa udongo, na yakifika Himo yanapita chini ya daraja ambalo watu wa sokoni hulivuka bila kutazama, wengi wao wakiwa na jua kichwani. Mto Himo unaingia Ruvu. Ruvu na Kikuletwa zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo ni Mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani, kisha unapita minazi na kuingia baharini kwenye mji wa Pangani, alikotoka Mwini Amani. Wakati Meyer anachomeka bendera yake kileleni, mtu huyo wa pwani alikuwa ameketi kando ya moto zaidi ya mita 4,000 juu, akiwangoja wenzake warudi, upande uleule wa mlima ambao mvua yake humaliza safari mlangoni kwao.